Jicho la Sungura

Jueni, enyi ndugu, ya kuwa mwaka 1944 huko Marekani, John Draize na wenziwe walitangaza njia ya kujaribu vipodozi: kitu hutiwa jichoni mwa sungura aliye hai, kisha hutazamwa kwa siku kadha jicho lile limedhurikaje. Hoja yao, rangi ya kope ilikwisha kupofua wanawake miaka ya 1930. Ni kweli, lakini si wangaliiacha rangi? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitupa khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga pasi na chakula. Na huyu aliyebanwa shingo kwa ajili ya pambo, je?

Dawa ni jambo jingine. Mwaka 1921 huko Toronto, Banting na Best walijaribu insulini kwa mbwa, na wenye kisukari wangali wakiishi kwayo. Dharura huhalalisha, ila kwa kadiri yake. Wala haimwondolei tabibu wajibu wa kupunguza maumivu.

Umoja wa Ulaya umekataza tangu mwaka 2013 kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, nao hawakuitegemea sharia yetu. Wauza wanja wa madukani kwetu hawajaulizwa na mtu bidhaa yao imepitia wapi.