Mgonjwa Afungashe Dawa Yake Mwenyewe

Watoto wa mwalimu mmoja mstaafu wa Sengerema walichangishana fedha wakawapeleka wazazi wao Unguja kwa siku tano, kuadhimisha miaka 40 ya ndoa. Mzee alikuwa amefundisha jiografia maisha yake yote. Alichora pwani ubaoni, akawaeleza watoto wa kando ya Ziwa Victoria kupwa na kujaa kwa maji, lakini bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Kwa hiyo zawadi ilikuwa ya haki kabisa, na lolote nitakalolisema hapa haliondoi uzuri wa nia ya wanawe.

Mzee ana sukari. Kwa miaka mingi amekuwa akijichoma insulini asubuhi na jioni. Nyumbani kwake friji ipo, ila umeme hauaminiki, hivyo dawa anaihifadhi kwenye chungu: chungu kidogo kimekaa ndani ya kikubwa, katikati mna mchanga uliolowa, juu pamefunikwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kidogo kidogo huondoka na joto, na ndani panabaki ubaridi wa kutosha. Akisafiri, kichupa hukitia kwenye kopo lenye mfuniko, kopo akalizungushia kitambaa kibichi, kisha akaliweka ndani ya mfuko wa begani uliochakaa. Mfuko huo haumtoki. Kwenye basi anaupakata, na hata akienda msalani anaupeleka.

Walipofika Dar es Salaam walilala kwa binti yao mkubwa, yule aliyepanga safari yote. Usiku, mzee alipoanza kupanga vitu vyake, binti akamzuia kwa upole: "Baba, wewe pumzika. Mzigo niachie mimi." Na mzee, ambaye hakutaka kuonekana msumbufu mbele ya watoto waliojinyima kwa ajili yake, akapumzika.

Binti alifungasha kwa bidii. Sare za kitenge za chakula cha usiku, nguo nyeupe za ufukweni, kofia za ukili, miwani ya jua, mafuta ya kukinga ngozi, makubazi mapya ya ngozi. Hakusahau nguo za kufunika mabega na magoti kwa ajili ya kutembea Mji Mkongwe, jambo ambalo wageni wengi hawalijali na wenyeji linawaumiza. Kwa kofia na mafuta pia alifanya vyema. Unguja iko karibu na ikweta, na hata mawingu mepesi yakitanda, sehemu kubwa ya miali inayounguza ngozi hupenya.

Kisha akaufikia ule mfuko. Aliuona umechakaa, hautafaa kwenye picha. Akatoa kichupa cha insulini na, kwa kuwa alijua dawa ile inataka baridi, akakiweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi akakizungushia taulo pamoja na chupa ya maji yaliyoganda, akakifukia katikati ya sanduku kubwa. Mashine ya kupimia sukari ikabaki juu ya friji. Viatu vya mzee vya yeboyebo vikabaki nyuma ya mlango.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Binti alimpenda baba yake, ila hakuwahi kuishi na ule ugonjwa. Alijua insulini inataka baridi, hakujua kwamba barafu huiua. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kilichokwisha kuanza kutumika, kwa aina nyingi, huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa muda wa wiki nne hivi. Kikiganda, hata mara moja tu, hakifai tena. Kukiyeyusha hakukirudishii nguvu, kwa sababu chembechembe za dawa zimekwisha kuharibika.

Bandarini Dar es Salaam masanduku makubwa yalikabidhiwa kwa wapagazi, familia ikapanda boti, na baada ya saa mbili hivi wakashuka Malindi. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, jua kali. Jioni ile, kwenye chumba cha hoteli huko Jambiani, mzee alikitoa kichupa chake kwenye taulo. Insulini anayotumia ni ya mchanganyiko, ile ambayo ukiviringisha kichupa taratibu kati ya viganja inakuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Aliviringisha. Vipande vidogo vyeupe vikabaki vimegandia kwenye kuta za kichupa, na katikati maji yakaonekana. Akaviringisha tena, akakiinua kwenye taa. Akamwambia mkewe, "Mama, hii dawa sioni kama iko sawa." Mkewe akajibu kwamba mtoto ametumia fedha nyingi, wasianze kumtia wasiwasi siku ya kwanza. Mzee akajichoma.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma zaidi. Mtu aliyeijua dawa ile kuliko wote katika msafara aliiona imeharibika, akanyamaza kwa heshima. Wazazi wetu wana tabia hiyo. Mtoto akigharimia jambo, mzazi huona aibu kulalamika, hata kama kinachoharibika ni uhai wake.

Siku ya pili alianza kuona kiu. Nani angeshangaa mtu kuona kiu kisiwani, mwezi wa Februari? Wakampa dafu, akanywa, akaongeza la pili. Forodhani wakamnunulia juisi ya muwa. Usiku alikwenda msalani mara nyingi, na asubuhi alikuwa mchovu. Wote wakasema ni joto, hajazoea hewa ya bahari. Dalili za sukari kupanda zinafanana mno na dalili za jua kali: kiu, uchovu, mdomo kukauka, kichwa kuuma. Kwa mwenye sukari, mashine ndogo ya kupimia ndiyo inayotenganisha mawili hayo, na mashine yake ilikuwa Dar es Salaam juu ya friji.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamekupwa. Pwani ya mashariki ya Unguja bahari hurudi mbali sana, na ukaachwa uwanja mpana wa mchanga, mawe na matumbawe, pamoja na mashamba ya mwani ya akina mama wa kijiji. Akina mama wale huingia na viatu, maana wanajua kilichomo chini. Familia yetu iliingia pekupeku kupiga picha, kwa kuwa makubazi mapya yangelowa. Mzee akakanyaga kitu. Hakusikia maumivu, kwa sababu sukari ya miaka mingi huua hisia za nyayo. Mkewe ndiye aliyegundua walipofika chumbani, alipoona alama za damu sakafuni kutoka mlangoni hadi kitandani.

Siku ya nne mzee aliamka akiongea maneno yasiyoeleweka, wakamkimbiza hospitali. Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Namba haikutokea. Kioo kiliandika HI, ambayo kwenye vipimo vingi maana yake ni kwamba sukari imepita 33 (mmol/L), kiwango cha mwisho ambacho mashine inaweza kusoma. "Dawa ya mzee iko wapi?" muuguzi akauliza. Binti akakitoa kichupa. Muuguzi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza swali moja tu: "Iliganda hii?"

Mzee alipona baada ya kutundikiwa maji mengi na kupewa insulini nzima. Mguu haukupona. Kidonda kiliingia wadudu, na wiki chache baadaye, Mwanza, alikatwa vidole viwili.

Wako watakaosema binti alikuwa mzembe. Mimi sikubali. Mzembe hafungashi hivyo. Kosa lake ni kumnyang'anya mgonjwa, kwa mapenzi, kazi ambayo mgonjwa aliiweza. Mzee angeachiwa mfuko wake, kopo lake na yeboyebo zake, angerudi na vidole kumi. Nguo zikipungua, kanga na kikoi ziko Darajani, na makubazi yako kila kichochoro cha Mji Mkongwe. Insulini ya aina ileile anayotumia mgonjwa huenda usiipate kijijini ufukweni usiku wa manane.

Dawa ya lazima basi ikae mkononi, isiende kwenye sanduku linalokabidhiwa kwa wengine, iwe ni boti, basi au ndege. Ibebwe zaidi ya inayohitajika, na igawanywe: nusu kwa mgonjwa, nusu kwa anayefuatana naye, ili mfuko mmoja ukipotea mwingine ubaki. Barua ya kliniki inayotaja dawa na sindano husaidia kwenye ukaguzi. Ufukweni kichupa kikae kivulini, ndani ya kopo na kitambaa kibichi, kisigusane na barafu. Mwenye sukari asiingie baharini bila viatu, na kila jioni mtu amtazame nyayo, hadi katikati ya vidole.

Kama una mzazi unayetaka kumpeleka Unguja, Mafia au Lamu, kabla hujanunua hiyo kofia ya ukili, kaa naye umwombe akuonyeshe dawa zake na namna anavyozitunza. Mwache azifungashe mwenyewe huku ukimtazama. Na akikuambia safarini kwamba dawa haiko sawa, simamisha kila kitu mwende hospitali siku hiyohiyo.