101 kwa 100

Kwa mama wa chai aliye karibu na uwanja wa Nimra Talata kuna jamaa mmoja ambaye kila akishika kikombe anaanza hivi: "Siku ile tulipoipiga Marekani kule London..." Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikacheka. Mara ya tatu nikamwambia, "Ndugu yangu, hatukuipiga. Ilikuwa 101 kwa 100, na hiyo 101 ni yao." Watu wakageuka kuniangalia kama mtu aliyepiga mluzi msibani. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani wewe, mwanangu, ni wa upande gani?"

Swali la yule mzee halikunitoka. Shabiki ana ruhusa ya kuongeza pointi 2? Na kama watu wake hawajawahi kuandikwa vizuri katika kitabu cha mtu yeyote, je, ruhusa hiyo inakuwa kubwa zaidi?

Niseme kwanza yaliyotokea, maana yenyewe yanatosha kumtoa mtu machozi. Ilikuwa tarehe 20 Julai 2024, mechi ya kirafiki kabla ya Olimpiki ya Paris. Mpaka mapumziko Sudan Kusini ilikuwa mbele, 58 kwa 44, mbele ya LeBron James na wenzake. Zikibaki sekunde 8 hivi, LeBron akafunga, wakapita kwa pointi moja. Nchi iliyopandisha bendera mwaka 2011, ikaingia FIBA mwaka 2013, nchi ambayo Luol Deng, akiwa rais wa shirikisho lake la mpira wa kikapu, alisema wazi kwamba haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani, wenye paa! Siku nane baadaye, Lille, kwenye Olimpiki, wakapigiwa wimbo wa taifa usio wao, wimbo wa Sudan, wale tuliotengana nao. Vijana wakasimama, wakangoja hadi ukaletwa wa kwao, halafu wakaipiga Puerto Rico 90 kwa 79. Walikutana na Marekani tena tarehe 31, wakafungwa 103 kwa 86. Hiyo ya pili jamaa wa chai haizungumzii kabisa.

Sasa, kuna namna ya kumtetea huyu jamaa, na nilijaribu. Nilianza na mchezo ambao huku Juba sijaona mtu akiucheza, besiboli. Marekani mchezo huo ni wa hesabu kuliko michezo yote ninayoijua. Mashabiki wake wanajua tarakimu za wachezaji kama wazee wa kwetu wanavyojua rangi za ng'ombe. Lakini kwa miongo mingi wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kubwa, mpaka Jackie Robinson alipoingia tarehe 15 Aprili 1947. Josh Gibson alikufa Januari mwaka huohuo, akiwa na miaka 35. Miezi mitatu tu! Alicheza katika ligi za weusi, na kibao chake katika Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown kinasema alipiga karibu mara 800 ile mipira inayotoka nje ya uwanja. Wanahistoria waliokaa na magazeti ya zamani ya watu weusi, wakitafuta matokeo mechi kwa mechi, wamepata hesabu ya ligi isiyofika 200.

Hizo 600 zimekwenda wapi? Nyingine bila shaka ni chumvi. Lakini timu zile ziliishi kwa kuzunguka mji hadi mji, zikicheza na yeyote aliyekubali, kwa kiingilio cha siku ile. Mechi hizo ama hazikuandikwa, ama haziingii katika hesabu ya ligi. Kwa hiyo 800 si uongo mtupu. Ni ushahidi wa watu walioona kwa macho yao na hawakuwa na kalamu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "leta karatasi", umemwonea mara mbili, maana ni kama yule aliyemnyima karatasi jana ndiye anayemdai leo.

Halafu hata kalamu ikiwapo, inaandika inachotaka. Chukua Manute Bol wetu. Vijana wakibishana hapa nani mkubwa, yeye au Luol Deng, wa upande wa Deng wanatoa pointi: 14.8 kwa mechi, mara mbili kwenye mchezo wa nyota wote wa NBA, 2012 na 2013. Bol ana 2.6 kwa mechi. Kwisha habari. Lakini Bol alizuia mitupo, kile vijana wanachoita bloku, mara 2,086, na alifunga pointi 1,599. Katika historia yote ya NBA ni yeye peke yake aliyezuia mara nyingi kuliko pointi alizofunga. Mwaka wake wa kwanza, 1985 hadi 1986, alizuia 397, na hakuna mgeni wa ligi aliyewahi kufika hapo. Na NBA ilianza kuhesabu bloku rasmi msimu wa 1973-74. Bill Russell, aliyechukua ubingwa mara 11 kwa kulinda zaidi ya kufunga, alistaafu 1969. Katika kitabu rasmi bloku zake hazipo. Manute angezaliwa miaka 20 mapema, kitabu kingesema: mtu mrefu sana, pointi 2.6. Mikono ileile, mpira uleule, ila safu haijachorwa kwenye karatasi.

(Hapo katikati huwa anatokea mtu wa kusema Bol ni mkubwa kwa sababu ya moyo wake: alimaliza mali yake kusaidia watu wa kwao, na mwaka 2002 alikubali hata kupanda ulingoni kupigana ngumi na William Perry, mchezaji mnene wa mpira wa Kimarekani, ili kuchangisha fedha za watoto wa Sudan. Yote ni kweli, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Ila sikubali itumike kama pole. Anayesema "hakuwa mchezaji sana, lakini alikuwa mtu mwema" anamtoa uwanjani kwa heshima. Magazeti ya Marekani yalimfanya kioja, yakarudia urefu wake na hadithi ya simba aliyemuua kwa mkuki. Sisi tukimfanya mtakatifu tu, tumemfanyia jambo lilelile. Bloku 2,086 ni kazi. Tuanzie kwenye kazi.)

Basi nilifika mahali nikawa karibu kumwomba jamaa wa chai msamaha. Kama kitabu kimetuacha nje, au kimetuandika nusu, pointi 2 ni nini? Si ni fidia ndogo tu?

Kilichonirudisha ni tarehe ya kuzaliwa.

Manute Bol ameandikwa kuwa alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962. Miaka baada ya kifo chake, Kevin Mackey, aliyekuwa kocha wa chuo cha Cleveland State, alisema yeye ndiye aliyeitunga tarehe hiyo, kwa sababu Bol mwenyewe hakuijua. Msomaji wa gazeti letu hatashangaa. Wangapi kati yetu tumezaliwa tarehe 1 Januari? Ukitupanga mstari, Mwaka Mpya ni sikukuu ya kuzaliwa ya kambi nzima. Karani alikuwa na foleni, mama alihesabu kwa mafuriko na kwa mazishi, karani akakuangalia usoni akaandika.

Mimi karani alinipunguzia. Kwa hesabu ya mama nilikuwa nimetimiza 18 pale kambini yalipoitishwa mashindano ya basketi ya wasiozidi 16. Kadi ilisema 16. Sikudanganya neno hata moja, nilionyesha kadi tu. Na nilijipa sababu zote ambazo nimeziandika hapo juu: si wao walioandika vibaya? Vita haikuninyima miaka mingapi? Basi nirudishiwe 2.

Wengine nao walikuwa wanarudishiwa, na waandaaji hawakuwa wajinga. Walipoona ndevu kwenye mashindano ya watoto waliacha kuamini kadi, wakaanza kuamini macho. Mimi ni mfupi kwa watu wa kwetu, nikapita. Akatolewa kijana wa bloku ya jirani, mrefu kama mti wa stima, ambaye kweli alikuwa na miaka 15. Mama yake alikuja mpaka mezani kwao, akaapa, akataja mvua ya mwaka aliomzaa. Nani angemsikiliza? Wamama kumi walikuwa wameshaapa kabla yake. Alirudi naye wakipita nyuma ya ule uwanja wa vumbi, na mimi nikiwa nafunga kamba za viatu. Tulichukua kombe, tukapewa jezi na mpira mmoja. Yule kijana hakurudi tena uwanjani, na baadaye nikasikia familia yao imehama.

Miaka imepita, na bado nikisoma habari za wale watoto wa Kampala namwona yeye. Mwezi wa Julai 2011, sisi tukiwa na bendera mpya, timu ya watoto wa besiboli kutoka Uganda ilishinda mashindano ya kanda huko Kutno, Poland, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Wakanyimwa viza. Sababu: karatasi za umri hazikulingana na maelezo. Timu ya Saudia ikaenda badala yao. Januari 2012 timu ya Canada, ambayo wangekutana nayo kule, ikafunga safari mpaka Uganda kucheza nao, na Waganda wakashinda 2 kwa 1. Mwaka uleule timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ikafika Williamsport. Vizuri. Lakini wale wa 2011 walikuwa wameshazidi umri.

Katika rundo lile la karatasi zinaweza kuwapo zilizokosewa na karani, zilizosogezwa na mkubwa fulani mwenye haraka ya ushindi, na za ukweli mtupu. Zikifika dirishani zote zina rangi moja. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na jamaa wa chai, hata nikimpenda. Nilidhani ninachukua fidia kutoka kwa kitabu kilichonionea. Kitabu hakikulipa kitu. Aliyelipa ni mtoto wa miaka 15 asiye na kosa, ambaye mali yake yote ilikuwa kwamba alikuwa anasema kweli.

Na turudi kwa Gibson, maana nilimwacha njiani. Mei 2024 ligi kuu ya besiboli iliingiza katika kitabu chake takwimu za ligi za weusi za miaka ya 1920 hadi 1948, na siku hiyo Gibson akawa wa kwanza wa wakati wote kwa wastani wa kupiga: .372, juu ya Ty Cobb mwenye .367. Yaani kati ya majaribio 1,000 yanayohesabiwa, 372 yanafanikiwa. Ile 800 ilikaa kwenye kibao tangu 1972, watu wakiisoma na kutabasamu kama wanaosoma hekaya. Iliyomshusha Cobb ni .372, iliyokusanywa kwenye vipande vya magazeti ambavyo mwandishi fulani mweusi, amechoka, amekaa kwenye jua, alivijaza bila kuongeza chumvi. Angemwongezea Gibson mapigo mawili kila Jumapili kwa mapenzi, leo wasingekuwa na la kuingiza.

Mzee aliniuliza mimi ni wa upande gani. Nilipaswa kumjibu kwamba 100 zile ni zetu, zote, moja moja, na nikisema 102 nimezitupa.

Siku hizi Jumamosi jioni vijana wa mtaa wakicheza mimi ndiye mwenye daftari. Ni daftari la shule la kawaida, nimelichora safu kwa rula: pointi, mipira iliyodakwa, pasi, bloku. Safu ya umri ipo pia. Asiyejua tarehe yake namwandikia "hajui", na wengine wameanza kuipenda, wanaitaja kama cheo. Wiki iliyopita kijana mmoja mrefu alicheza ulinzi wa ajabu, kila mpira anagusa, watoto wanapiga kelele ukutani. Mechi ilipoisha akaja akainama juu ya daftari, jasho likidondoka kwenye karatasi.

"Kaka, niandikie 12."

"Nimehesabu 9."

"Kaka. 12. Nani atajua?"

Nikamwandikia 9. Akaniangalia vibaya, akaenda kununua maji.