Kikombe cha Mama Mwenye Mimba

Katika milima iliyo kando ya ziwa Kivu, mkahawa ni mti wa nyumbani. Watu huupanda, huchuma matunda yake mekundu, hukausha mbegu zake juani, na sehemu kubwa huiuza iende nchi za mbali. Kiasi kinachobaki katika nyumba nyingine hukaangwa, hutwangwa, nacho ndicho kinywaji cha asubuhi cha wanaokwenda kulima. Basi swali linalofuata laonekana dogo, lakini limekwisha kuingia katika nyumba nyingi: mama mwenye mimba akinywa kahawa yake, je, anamkosea mtoto aliye tumboni? Na kama kuna kosa, ni la nani?

I. NENO LA NYUMBA MOJA

Na itwaliwe mfano wa nyumba moja, kama zilivyo nyingi. Mume amesikia mahali fulani ya kuwa kahawa humdhuru mtoto. Anarudi nyumbani na kusema: «Mama Furaha, tangu leo kahawa basi.» Mke anajibu kwa upole: «Ndiyo, baba. Lakini kesho nitakwenda shambani na nini tumboni?» Mume hana la kujibu. Mama mkwe, aliyeketi karibu na moto, anaongeza: «Na mayai usiyaguse, mwanangu. Mtoto atazaliwa bila nywele.» Jioni chakula kinaletwa. Kipande cha nyama kinawekwa mbele ya mume kwa sababu yeye ni mkubwa wa nyumba. Mke anakula ugali na majani yaliyobaki katika chungu.

Hakuna mtu mbaya katika nyumba hiyo. Mume ampenda mtoto wake, na nyanya amtakia heri. Lakini jioni ile mama amenyang'anywa vitu viwili, wala hakupewa hata kimoja. Hapo ndipo penye swali la haki, nalo lastahili kuchunguzwa polepole.

II. YALIYO HAKIKA NA YASIYO HAKIKA

Kahawa, chai, mbegu za kola na vinywaji vingi vya chupa vina kitu kiitwacho kafeini. Ndicho kinachofukuza usingizi na kuamsha moyo. Kikombe cha kahawa chaweza kuwa na kafeini ya miligramu 100 hivi, na kikombe cha chai nusu yake au pungufu. Lakini vikombe havifanani. Kahawa ya robusta, ambayo mti wake huota wenyewe katika misitu ya Kongo, ina kafeini karibu mara mbili kuliko arabika ya milimani.

Mwili wa mtu mzima huondoa nusu ya kafeini aliyokunywa kwa muda wa saa 5 hivi. Kwa mama aliye katika miezi ya mwisho ya mimba kazi hiyo huchelewa sana, hata saa 15 zaweza kupita. Tena kafeini hupita katika kondo na kumfikia mtoto, ambaye ini lake halijapata nguvu ya kuivunja. Kwa hiyo si neno tupu kusema ya kwamba mama akinywa, mtoto anakunywa naye.

Je, humdhuru? Mwaka 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba mama mwenye mimba anayezidi miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya, mwaka 2015, waliona kwamba miligramu 200 kwa siku hazileti wasiwasi kwa mtoto. Hakuna kati yao aliyesema kwamba kikombe kimoja ni sumu.

Hata katika mizani hiyo lipo shaka la haki. Mimba yenye afya mara nyingi huleta kichefuchefu, na mama mwenye kichefuchefu huichukia kahawa mwenyewe. Basi yule anayeendelea kunywa sana huenda ni yule ambaye mimba yake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Si rahisi kutambua kama kahawa ndiyo iliyotangulia au udhaifu.

Pombe ni jambo jingine. Madhara yake kwa mtoto yalipewa jina katika vitabu vya waganga mwaka 1973, na tangu hapo hakijapatikana kipimo kinachojulikana kuwa salama. Pombe ya ndizi na pombe kali zina hukumu moja: heri kuziacha kabisa hata mama ajifungue. Na udongo unaouzwa sokoni ili mama wenye mimba wautafune, huo nao si wa kudharauliwa, maana waweza kubeba risasi na mayai ya minyoo, na kuzuia chuma ya chakula isiingie katika damu.

III. MWINDAJI NA KICHAKA

Walimu wa maadili tangu zamani hutoa mfano wa mwindaji. Aona kitu kinatikisika kichakani. Hajui kama ni mnyama au ni mtu. Asipige! Katika shaka juu ya uhai wa mtu, sharti kufuata njia iliyo salama.

Wako wanaochukua mfano huo na kuuweka juu ya sahani ya mama: kila kitu chenye shaka kiondolewe. Leo kahawa, kesho mayai, kesho kutwa samaki, mpaka mama abaki na ugali na maji. Lakini mfano haukufuatwa hadi mwisho. Mwindaji asiyepiga hupoteza nyama ya siku moja. Mama asiyekula hupoteza damu yake mwenyewe na nguvu za mtoto. Katika kichakani kunyamaza ni salama. Katika sahani, kuondoa kwaweza kuwa hatari kuliko kuacha. Busara ya kweli hupima pande zote mbili.

Kwa hiyo kanuni yaweza kuwekwa hivi. Palipo na madhara yaliyo hakika, kama pombe, mama ana wajibu wa kuacha. Palipo na madhara ya kuzidisha tu, kama kahawa, ana wajibu wa kiasi: kikombe kimoja, na kama ni chepesi viwili, wala si birika zima. Palipo na desturi tu bila sababu, kama mwiko wa mayai, hana wajibu wowote. Na kila mara kinachoondolewa kikiwa ndicho kilichokuwa kikimtia nguvu, basi aliyekiondoa ana wajibu wa kuleta kingine.

IV. KUKATAZA NI RAHISI, KULISHA NI KAZI

Kikombe cha asubuhi cha yule mama wa mfano kilikuwa na kahawa, lakini pia sukari na maji ya moto, nacho kilikuwa chakula chake pekee kabla ya jua kupanda. Kumwondolea bila kumpa uji wa soya au kiazi cha jana si kumhifadhi mtoto.

Yapo mambo ambayo mwenye kumpenda mtoto angeyauliza kabla ya kahawa. Je, mama apata maharagi? Apata sambaza au ndakala, wale samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao? Apata yai, na sombe iliyopikwa kwa mawese? Je, amekwenda kupimwa akapewa vidonge vya chuma na asidi foliki? Mwaka 1991 ilionekana wazi ya kuwa asidi foliki, ikianzwa kabla ya mimba, huzuia sehemu kubwa ya kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Je, mihogo michungu imelowekwa siku za kutosha? Mihogo isiyolowekwa vema ndiyo iletayo konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliotambuliwa katika nchi ya Kwango mwaka 1938, na wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kahawa yenyewe, pamoja na chai, ina kosa lingine ambalo halitajwi sana: ikinywewa pamoja na chakula, huzuia chuma ya maharagi na ya majani isiingie vema mwilini. Dawa yake ni nyepesi. Mama anywe mbali na chakula, saa moja au mbili, basi. Ushauri wa namna hii hauhitaji amri ya mtu yeyote. Wahitaji tu kuelezwa kwa heshima.

Kanisa lenyewe, ambalo lajua kufunga, halimlazimishi mama mwenye mimba kufunga. Haifai basi jirani au mkwe amwekee kwaresima ya miezi tisa.

V. CHUMVI YA IDJWI

Wengi hufikiri ya kwamba kila dhara la mtoto latoka katika kinywa cha mama. Habari za kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, zafundisha vingine. Katika miaka ya 1960 waganga walichunguza huko watu wengi wenye uvimbe wa shingo, na watoto waliozaliwa na akili zilizodumaa. Sababu kubwa ilikuwa upungufu wa iodi katika udongo wa kisiwa, nayo mihogo iliongeza ubaya. Mama wale hawakula kitu kiovu. Walikula chakula cha mashamba yao, kama bibi zao walivyokula. Kilichokosekana hakionekani kwa macho, na hakuna mama ambaye angeweza kukitafuta kwa juhudi yake mwenyewe.

Dawa ya iodi na chumvi iliyotiwa iodi ndizo ziletazo msaada katika ugonjwa kama huo. Lakini chumvi hiyo haitoki katika bustani ya mama. Yategemea kiwanda, mfanyabiashara, barabara na wakubwa wa nchi. Kwa hiyo mtoto aliye tumboni ana wadeni wengi. Mama ni wa kwanza kwa sababu yu karibu, lakini si peke yake. Mfanyabiashara auzaye chumvi isiyo na iodi kana kwamba inayo, mume anayekunywa mshahara wake, na mkubwa anayeacha dawa zikose katika zahanati, hao nao wana sehemu yao katika sahani ya mama, ingawa hawaketi mezani pake.

VI. LAWAMA ISIYO YA HAKI

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo zito. Mimba ikiharibika, watu hutafuta sababu, na mara nyingi humtafuta mama. «Alikunywa kahawa.» «Alikula mayai.» «Alibeba mzigo.» Naye mwenyewe, usiku, hujiuliza maswali hayo hayo hata aone kwamba amemwua mtoto wake.

Ni sharti kusema wazi. Mimba nyingi zinazoharibika katika miezi ya kwanza, karibu nusu yake au zaidi, huharibika kwa sababu ya kasoro iliyokuwamo tangu kutungwa kwa mtoto, ambayo hakuna kinywaji kilichoileta wala chakula ambacho kingeizuia. Nyingine huletwa na malaria na magonjwa mengine. Tena kosa la dhamiri lataka mambo mawili: mtu ajue, na mtu apende. Mama asiyejua hakukosa. Mama aliyejua, akanywa kikombe kimoja kwa kipimo, hakukosa. Na yule aliyezidisha kwa udhaifu au kwa njaa, hukumu yake si ya kutamkwa na majirani msibani. Anayemtupia mama maneno hayo saa ya machozi hamtetei mtoto, ambaye hayupo tena. Amjeruhi aliyebaki.

VII. MANOA ALIULIZA

Katika Kitabu cha Waamuzi zipo habari za mke wa Manoa, mama yake Samsoni. Malaika alimwagiza asinywe divai wala kileo, na asile kitu najisi, kwa sababu ya mtoto atakayemzaa. Mtoto yule aliwekwa wakfu kwa namna ya pekee, na kwa hiyo agizo lile si sheria ya kila mama. Lakini namna lilivyotolewa yastahili kuangaliwa. Malaika hakwenda kwanza kwa mume ili mume amwamuru mke. Alimwendea mwanamke mwenyewe, akamweleza sababu. Na Manoa aliposikia, hakusema: «Hayo ni mambo ya wanawake.» Aliomba mjumbe arudi, awafundishe wote wawili.

Basi na yule mume wa mfano afanye vivyo hivyo. Siku ya kupimwa aende pamoja na mkewe, asikie kwa masikio yake, aulize bila haya. Mama mkwe naye aitwe, kwa heshima iliyo haki yake, kwa sababu ndiye ashikaye chungu na neno lake lina nguvu kuliko karatasi ya zahanati. Kisha mke aachiwe kuamua juu ya kikombe chake, maana ndiye ajuaye njaa yake na uchovu wake, na hakuna anayemtamani mtoto yule kuliko yeye.

Na jioni, chakula kikiletwa, mume aivute sahani, akate kipande cha nyama, na kukiweka mbele ya mke kabla hajala yeye. Akishafanya hivyo siku nyingi, ndipo atakapokuwa na ruhusa ya kusema neno juu ya kahawa.