UKINGO WA GARI



Kumbukumbu la Torati 22:8 yamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakuwaambia Waisraeli waombe tu watu wasianguke, aliwaambia wajenge.

Wengi wetu, toka Tegeta hata Mbagala, tunalo gari la familia, Noah au Hiace, lichukualo watoto, bibi na majirani kuja ibadani. Ukingo wa gari hilo ni breki. Pedi zake huliwa kidogo kidogo, kila tukanyagapo. Mlio mkali gurudumuni ni onyo. Chuma kikikwaruza chuma, tumekwisha chelewa. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishwe, na ya gurudumu la pili la ekseli ile ile pia, gari lisivute upande. Fundi akimaliza, breki ikanyagwe mara kadhaa hata iwe ngumu, kabla gari halijaondoka.

Twasema, "Nitabadilisha mwisho wa mwezi," huku msalaba unaning'inia kiooni. Ndugu zangu, msalaba ule haukutundikwa badala ya pedi. Ada za shule zatubana, ni kweli. Lakini mtoto wa jirani avukaye barabara hatuna ruhusa ya kumweka rehani.

Basi, kabla ya Jumapili ijayo, lipelekeni gari kwa fundi. Kisha ombeni mkiwa na dhamiri safi. Amina.