Kodi ya Serikali na Wajibu wa Mwislamu

Kila mwaka inapokaribia tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za mapato ya mwaka uliopita, hurudi katika darasa letu suala lile lile. Husema muulizaji: "Mimi natoa zaka ya mali yangu kama nilivyoamrishwa. Na hii kodi ya serikali, je, ni juu yangu? Na ikiwa ni juu yangu, vipi niitoe nami naona fedha za umma zinavyoliwa?" Suala hili lataka kujibiwa kwa utuvu, kwani wengi wanaolijibu hushika upande mmoja wakaacha wa pili.

Tuanze na zaka. Zaka ni ibada, nguzo katika nguzo tano za Uislamu, na wenye kuistahiki wametajwa katika Suratut-Tawba, mafungu manane. Katika kauli ya wanavyuoni walio wengi, kujenga barabara na kulipa mishahara ya walimu na madaktari hakumo katika mafungu hayo. Basi mwenye kutoa zaka hajaondokewa na deni la barabara anayoipita, na mwenye kulipa kodi hajaondokewa na haki ya maskini.

Wako wanaoleta hoja ya Hadithi zinazomlaumu vikali mwenye kutoza maks. Hadithi hizo zipo, na makemeo yake si madogo. Lakini wanavyuoni wamepambanua baina ya kinachotwaliwa kwa dhuluma na kinachotozwa kwa haja ya watu wote wakati hazina haina kitu. Imamu Ghazali na Imamu Shatibi wote wawili wamelijuzisha hili la pili, kwa masharti yake.

Masharti hayo tutayafahamu kwa kisa kimoja mashuhuri. Mwaka 1259, Wamongoli walipokwisha kuiteketeza Baghdad na kuielekea Sham na Misri, Qutuz, mtawala wa Cairo, alitaka kuwatoza raia apate fedha za jeshi. Akatakwa shauri Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam. Sheikh hakukataa, wala hakutoa ruhusa hivi hivi. Alisema kuwa kwanza hazina iwe tupu, na maamiri wauze mapambo yao ya dhahabu na vitu vyao vya thamani, abaki kila mmoja na farasi wake na silaha yake, wawe sawa na watu wa kawaida. Hapo ndipo itakapojuzu kuchukua katika mali ya raia. Adui alikuwa mlangoni, na hata hivyo mkubwa alitakiwa atangulie kutoa.

Kodi iliyoletwa na Waingereza katika nchi hii haikuwa na sharti kama hilo. Kodi ya nyumba ya mwaka 1901, na kodi ya kichwa iliyofuata mwaka 1910, alitozwa Mwafrika asiyekuwa na neno katika matumizi yake, na moja katika makusudio yalikuwa ni kumsukuma akafanye kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi. Mwafrika hakumpigia kura mjumbe wake katika Baraza la Kutunga Sheria mpaka mwaka 1957. Kodi hiyo haiwezi kuitwa wajibu wa uraia, kwani uraia wenyewe haukuwako.

Leo hali ni nyingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 201, yataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa uadilifu, na mambo ya fedha yawe wazi na raia washirikishwe. Kifungu cha 210 chakataza kodi isiyowekwa kwa sheria. Haya ni mapatano, na Mwislamu ameamrishwa kutimiza mapatano.

Atasema mtu: "Wao ndio waliovunja mwanzo." Basi natutazame ni nani adhulumiwaye tunapoficha. Uchukue ushuru wa VAT, ambao ni asilimia 16. Hamali anunuapo sabuni, ushuru umo ndani ya bei. Katika kila shilingi 116 anazotoa, 16 si za mwenye duka. Amewekewa tu azifikishe. Akizificha kwa kutotoa risiti, au kwa kuandika hesabu mbili, hakumkomoa waziri yeyote. Amekula amana ya hamali. Na pengo aliloliacha halikai wazi. Hutafutwa mwengine asiyeweza kuficha, kama vile mfanyakazi ambaye kodi yake hukatwa kabla mshahara haujamfika mkononi.

Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipoletwa, hata mkate ulitakiwa utozwe asilimia 16. Watu walipiga kelele pendekezo hilo likaondolewa; na tarehe 26 Juni Rais akasema hautii saini mswada wote, siku moja baada ya vijana kuuawa barabarani. Vijana wale walikataa hadharani, kwa majina na nyuso zao. Wengine walikwenda mahakamani kuipinga Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Wakashinda katika Mahakama ya Rufaa mwezi wa Julai 2024, kisha hukumu ikageuzwa na Mahakama ya Juu mwezi wa Oktoba. Kukataa kwa namna hii ni nasaha kwa mtawala, na faida yake ni ya wote. Afichaye daftari kimya kimya hamnasihi mtu, na faida ni ya mfuko wake.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili: kodi iliyowekwa kwa sheria na kwa haki ni deni juu ya raia, na kuikwepa kwa uwongo ni haramu, hata kama mtawala ni mwizi. Na mtawala aitumiaye kodi hiyo kwa anasa zake hana haki ya kutuhubiria mapenzi ya nchi. Serikali hutuambia tulipe ushuru tujitegemee. Ni neno jema, na wa kwanza kulifuata wawe ni wale wanaolisema. Mwislamu alipe, adai hesabu ya alicholipa, wala asichoke kuidai.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali, na awaongoze wanaoshika mali zetu. Wallahu aalam.