Siri Iliyotiwa Lakiri: Juu ya Kunadi Sarafu Isiyofunguliwa

Miongoni mwa masharti ambayo mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameyaweka ili uuzaji usihi, lipo sharti kwamba muuzaji na mnunuzi wakijue kinachouzwa, wajue kiasi chake na sifa zake, na kiwe kitu kinachoweza kukabidhiwa. Ujuzi huo ukikosekana huingia gharari, neno ambalo katika vitabu vya fikihi lina maana ya biashara iliyofunikwa na shaka kiasi kwamba mtu hulipa mali yake bila kujua atapokea nini. Sharti hili ni jepesi pale panapouzwa mbuzi au shamba, kwa kuwa mbuzi hukaguliwa meno na shamba hupimwa mipaka. Huwa zito kwa namna ya pekee katika minada ya mtandaoni inayouza sarafu za madini zenye bitkoini ndani yake, kwa sababu sarafu hizo ni bidhaa ambayo kuijua ni kuiharibu, na thamani yake inasimama maadamu hakuna aliyeijua.

Mfano mashuhuri wa bidhaa hiyo ni sarafu za Casascius, zilizotengenezwa na Mike Caldwell katika mji wa Sandy, jimbo la Utah nchini Marekani, kuanzia mwaka 2011. Bitkoini, ambayo mtandao wake ulianza kazi Januari 2009, ni fedha isiyo na umbo. Ni maandishi tu katika daftari la hadhara liitwalo blokcheni, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na kila kiasi kilichoandikwa humo kimefungwa kwa anwani ambayo mwenye ufunguo wake wa siri, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kubahatishwa, ndiye peke yake awezaye kukihamisha. Caldwell aliuchapa ufunguo huo kwenye kikaratasi, akakiweka kwenye mgongo wa kipande cha shaba cha mviringo, kisha akakifunika kwa kibandiko cha hologramu, yaani utando unaometameta ambao ukibanduliwa huacha alama mfano wa sega la asali na haurudi tena kuwa kama ulivyokuwa. Kibandiko hicho kinafanya kazi ile ile iliyofanywa na lakiri juu ya barua za zamani. Novemba 2013, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachosimamia mapambano dhidi ya uhalifu wa fedha kilimjulisha kwamba kazi yake inahesabika kuwa ni usafirishaji wa fedha unaohitaji usajili, naye akaacha kuuza sarafu zenye bitkoini ndani. Tangu hapo idadi ya sarafu zilizofungwa haiwezi kuongezeka. Inaweza tu kupungua kila mmoja anapobandua yake. Ndiyo maana katika minada sarafu ya bitkoini moja hupata bei inayozidi bei ya bitkoini moja, na zile za toleo la kwanza, ambazo hologramu yake ilichapwa jina la mtengenezaji kwa kosa, herufi moja ya S ikiwa imeachwa, hupandishwa dau zaidi kwa sababu ya kosa lenyewe.

Mtetezi wa mnada anaweza kusema kwamba hapa hakuna gharari yoyote, na hoja yake ina uzito. Juu ya sarafu zimeandikwa herufi nane za mwanzo za anwani, nazo zinatosha kuitafuta anwani nzima katika blokcheni, kwa hiyo mtu aliyeko Muscat au Toronto anaweza kuhakikisha katika dakika hiyo hiyo kwamba bitkoini ya sarafu inayonadiwa ingali mahali pake na haijaguswa tangu mwaka 2011. Ni bidhaa chache mno ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua hivyo kabla ya kutoa dau. Hata hivyo kinachoonekana kwa njia hiyo ni kuwepo kwa mali, na kuwepo si kumilikiwa. Mafakihi walikataza kumuuza samaki aliye baharini na ndege aliye angani, na katazo hilo halikutokana na kutoonekana kwao, kwa sababu ndege huonekana na samaki wa maji maangavu huhesabika; lilitokana na kwamba muuzaji hana uwezo wa kumkabidhi. Blokcheni ni maji maangavu kuliko yote yaliyowahi kutokea, lakini uangavu wake haumtoi samaki majini. Anayemtoa ni ufunguo, na ufunguo ndio pekee ambao hakuna mshiriki wa mnada aliyeuona, si mnunuzi, si dalali, wala muuzaji mwenyewe.

Je, kitu kilichofunikwa kinaweza kuuzwa kwa kuonwa kifuniko chake? Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, ni makali katika suala la kuona, lakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Minhaji kwamba yatosha kuona ganda pale ambapo ganda ni hifadhi ya maumbile ya kilichomo, kama ganda la komamanga, la yai, au gamba la ndani la lozi. Mnunuzi wa nazi sokoni anaielewa kanuni hii bila kuisoma: huitikisa nazi sikioni, huigonga kwa kucha, husikiliza maji, kisha hulipa, na hakuna anayemdai muuzaji aipasue kwanza, kwa kuwa nazi iliyopasuliwa haifiki kesho. Sarafu ya Casascius inafanana na nazi kwa jambo moja, nalo ni kwamba kuifunua ni kuifupishia maisha. Tofauti iko katika neno maumbile, na hapo ndipo ulipo ufahamu wa kina wa kanuni ile. Ganda la yai halina nia. Halikuwekwa na mtu aliyekwisha kukiona kiini, wala hakuna aliyebaki na kiini hicho mahali pengine baada ya yai kuuzwa, lakini kibandiko cha hologramu kiliwekwa kwa mkono wa mtu, na mtu huyo, kabla ya kukibandika, alikuwa na siri mbele ya macho yake.

Jambo hili linastahili kukaliwa kitako, kwa sababu linagusa swali la zamani kuliko kompyuta, swali la kama siri inaweza kuuzwa hata kidogo. Anayemkabidhi mwenzake mbuzi hubaki bila mbuzi, na ndiyo maana ya kukabidhi: mkono mmoja unajaa kwa sababu mwingine umekuwa mtupu. Anayempa mwenzake siri hubaki na siri yake, na badala ya mwenye nayo mmoja huwapo wawili. Elimu haihami, huongezeka. Kwa hiyo sarafu iliyotiwa siri haiwezi kuwa mali kamili ya mnunuzi mpaka wale wote waliowahi kuijua siri hiyo wawe wameisahau au wamekosa njia ya kuirudia, na kusahau ni kitu kisichoonekana katika blokcheni wala chini ya darubini. Caldwell alieleza kwamba hakuhifadhi nakala za funguo, na kwamba zilitengenezwa kwa kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Hakuna sababu ya kuushuku ukweli wake. Kinachohitaji kuzingatiwa ni aina ya ukweli huo. Ni kauli ya mtu juu ya alichokitenda peke yake chumbani, na kauli ya aina hiyo hukubaliwa kwa kuaminiwa msemaji tu. Lakiri inaweza kushuhudia kwamba hakuna aliyeangalia baada yake, na hata ushuhuda huo una mipaka, kwani mwaka 2013, katika mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, ilionyeshwa kwamba kibandiko kinaweza kulegezwa kwa kimiminika kilichopenyezwa kwa bomba la sindano. Juu ya aliyeangalia kabla, lakiri haina la kusema.

Bitkoini ilibuniwa ili watu waweze kulipana bila kulazimika kumwamini mtu wa tatu. Ilipovikwa shaba ili ishikike mkononi, kile kilichofukuzwa mlangoni kilirudi pamoja na umbo, kwani mwenye sarafu hiyo amelazimika kumwamini mtengenezaji, na kila mkono ulioipitisha, na kampuni inayoipima ubora na kuifungia katika kasha la plastiki. Jina la Kiswahili la hali hii ni amana, na amana haikuwa kamwe udhaifu wa biashara za wanadamu. Kosa linatokea pale amana inapouzwa kwa jina la uhakika, pale maelezo ya mnada yanapotaja kiasi cha bitkoini kana kwamba ni uzito wa dhahabu uliopimwa kwenye mizani.

Mnada wenyewe hauna lawama kisheria. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume alinadi tandiko na bakuli la mtu fukara, akauliza ni nani atakayezidisha juu ya dirhamu moja, vikaenda kwa dirhamu mbili. Kilichokatazwa ni najshi, yaani kupandisha dau kwa mtu asiyetaka kununua ili mwingine adanganyike, na katika mtandao, ambako washindani hujulikana kwa majina ya kubuni na hakuna anayeziona nyuso, kosa hilo ni jepesi kutendeka na gumu kuthibitishwa. Tukirudi kwenye suala la kuona, madhehebu ya Hanafi huruhusu kuuza kisichoonwa na humpa mnunuzi khiari ya kurudisha atakapokiona, lakini khiari hiyo haina faida kwa bidhaa ambayo tendo la kuiona ndilo linaloitumia ikaisha.

Lililo gumu zaidi ni mchanganyiko wa vitu viwili katika bei moja. Fadhala bin Ubaid amesimulia kwamba wakati wa vita vya Khaibar alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12, naye alipovitenganisha akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Alipomweleza Mtume, alijibiwa kwamba kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Sababu ni kwamba fedha ikibadilishwa kwa fedha ya jinsi yake ni lazima zilingane, na ziada ikijificha nyuma ya shanga inakuwa riba. Mashafi wa kale hawakuieneza hukumu hiyo hadi kwenye sarafu za shaba, hata zikiwa zinazunguka sokoni, lakini mwaka 1986 Baraza la Fikihi la Kimataifa liliamua kwamba fedha za karatasi zina hukumu ya fedha kamili. Kuhusu bitkoini hakuna makubaliano, na Darul Iftaa ya Misri, yaani taasisi ya kutoa fatwa, ilitoa fatwa ya kuiharamisha Januari 2018 huku wengine wakiihesabu kuwa mali halali. Anayeiona kuwa ni fedha hana budi kukiona kidani cha Khaibar kila mtu anapolipa bitkoini moja na ziada ili apate sarafu ya shaba yenye bitkoini moja. Naye akiambiwa avitenganishe, ataharibu ile ziada aliyoilipia, kwa kuwa shanga za kidani hiki ni kutokutenganishwa kwake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika kitabu chake Ihya kwamba dinari na dirhamu ni kama kioo kisicho na rangi yake chenyewe, vimeumbwa ili vionyeshe thamani za vitu vingine, na anayevilimbika ni kama aliyemtia hakimu gerezani. Ni vigumu kupata mfano wa kifungo hicho ulio wazi kuliko bitkoini iliyokaa tangu mwaka 2011 chini ya kibandiko, ikipanda bei kwa sababu haitumiki. Wakusanyaji wa sarafu hawastahili kulaumiwa wote kwa hilo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo baadhi zilikutwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, zinatunzwa leo na hakuna aliyedhulumiwa. Lakini sarafu za Kilwa hazina siri. Juu ya zile za Sultani Ali bin al-Hassan upande mmoja una jina lake, na upande wa pili una maneno yanayokwenda kwa vina na jina hilo, yakieleza kwamba anamtegemea Mola mwenye fadhila. Juu ya sarafu za Casascius pameandikwa kwa Kilatini kwamba nguvu imo katika namba. Kila moja inamwambia mshikaji wapi aweke matumaini yake, na ya pili, kwa yote yaliyokwisha kuelezwa, haielezi sawasawa mahali ambapo matumaini ya mwenye nayo yamewekwa.

Zipo pia, katika minada hiyo hiyo, sarafu za Casascius zilizokwisha kubanduliwa, ambazo bitkoini yake ilihamishwa zamani. Hizo huuzwa kwa bei ndogo. Mnunuzi huona kila kitu: shaba yenyewe, mwaka uliochongwa, mabaki ya sega la asali, na kikaratasi chenye ufunguo usio na cha kufungua. Mwanafunzi wa Minhaji angezipitisha bila kusita. Na tofauti iliyopo kati ya bei yake na bei ya sarafu iliyofungwa, ikishatolewa thamani ya bitkoini iliyomo, ndicho kiasi ambacho watu wamekubali kulipia kutokujua.