Msiuze Januari Mwezi wa Saba

Watu wa Dodoma, ninyi wa Bahi na Chamwino, wa Kongwa na Mpwapwa, wa Chemba na Kondoa, nanyi mliopanga chumba na sebule Chang'ombe, Nkuhungu na Nzuguni, mnaohesabu siku hadi mshahara, nawaomba masikio yenu leo, kwa sababu jambo ninaloliandika linawaliza watoto.

Kila Januari yanatukuta yale yale. Shule zinafunguliwa. Ada ilifutwa tangu mwaka 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikafuata. Lakini sare haikufutwa. Viatu havikufutwa. Madaftari na mchango wa chakula cha shuleni vinadaiwa. Mwezi huo huo shamba linataka palizi, na ghalani kumebaki vumbi na panya. Baba anadamka kwenda kuhemea vijiji vya mbali, mama anapita kwa majirani na bakuli chini ya kanga. Kisha jioni tunapiga magoti na kumwuliza Mungu tumemkosea nini.

Ndugu zangu, nasema kwa upendo na kwa uchungu: njaa ya Januari haizaliwi Januari. Inazaliwa mwezi wa sita na wa saba, tukiwa tumeshiba, ngoma zinalia, na fuso la mnunuzi linanguruma mlangoni!

Tazameni nchi tuliyopewa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 au 600. Tunavuna kuanzia Mei hadi Julai, basi. Wenzetu wa nchi zenye vuli na masika wakikosea msimu mmoja, wanajisahihisha msimu wa pili. Sisi hatuna msimu wa pili. Mwaka wetu unaingiza mara moja na unatoa mara kumi na mbili. Mtu anayeishi hapa uwandani akala kama mtu wa nchi ya mvua mbili, huyo anapanga kulia.

Nendeni soko la nafaka la Kibaigwa mwezi wa saba mkaone. Magunia yamepangwa hadi barabarani, mzigo ni mwingi, bei imelala. Mkulima anauza kwa sababu ana deni la dukani, kuna harusi ya mpwa wake, na mwingine, tuseme ukweli, anauza kwa sababu mnunuzi amefika na noti ziko mkononi. Rudini sokoni Januari. Mtu yule yule anasimama mbele ya mzani akipimiwa kilo mbili mbili za nafaka ambayo pengine ilitoka shambani kwake, kwa bei ambayo moyo unagoma kuitamka. Mnajua hiyo maana yake? Akiba yetu tumeiweka katika ghala la mtu mwingine, kisha tunamlipa ili aturudishie. Mfanyabiashara simlaumu. Yeye ameweka. Ni sisi ambao hatukuweka.

Na mnapouza, msiuze kwa lumbesa! Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kile kilemba kinachoshonewa juu ya gunia ni uji wa mtoto wako wa asubuhi, na umempa mgeni bure, tena kwa tabasamu.

Habari za Yusufu wanazijua watu wa msikitini na watu wa kanisani. Farao aliota ndoto, na Yusufu alipoifasiri hakumwambia mfalme afunge na kuomba miaka ya njaa isije. Alimwambia aweke. Katika Biblia ushauri wake ni sehemu ya tano ya mavuno katika miaka yote saba ya neema. Katika Kurani anawaelekeza waiache nafaka katika masuke yake, isipokuwa kidogo watakachokula. Sikilizeni jambo hilo kwa makini: nabii wa Mungu, mtu aliyepewa elimu ya siri, anafundisha namna ya kuhifadhi nafaka! Basi asije mtu kuniambia kwamba habari za ghala ni za dunia na hazifai mimbarini.

Sehemu ya tano, ndugu zangu. Ukivuna magunia kumi, mawili hayana bei. Tena hayo ni mawili ya juu ya chakula, hayatolewi ndani ya chakula. Kwa hiyo kwanza mjue mnakula kiasi gani. Ni nyumba ngapi kati yetu zinajua? Pimeni unga mnaopika kwa wiki moja, mzidishe mara 52. Nyumba inayotumia kilo tatu kwa siku inahitaji kilo 1,095 kwa mwaka, yaani magunia kumi na moja ya kilo mia. Sasa kama umevuna magunia kumi na manne na ukauza saba ili ununue pikipiki, hujanunua pikipiki. Umenunua njaa ya miezi minne na ukaiwekea mafuta.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Waliishi katika matembe, nafaka ikiwa ndani pamoja nao, katika vilindo vya magome, na mtama na uwele vilikuwa chakula cha heshima kwa sababu vinavumilia ukame. Mlenda ulichumwa mvua ikinyesha, ukaanikwa, ukaliwa kiangazi chote bila kutoa senti. Leo tunanunua mboga mwezi wa tisa huku mlenda wa Februari umetuozea mlangoni! Enyi kina mama, anikeni. Enyi mabinti mliosoma, msione haya kuchuma majani ya kunde. Shilingi ambayo haikutoka ni shilingi iliyoingia.

Lakini wazee hao hao walionja njaa ya Mtunya. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo, nchi yetu hii, uliangamia kwa njaa ambayo majina ya watu wake waliokufa hatutayajua yote. Vita ya Wazungu ilipita hapa. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana kwenda kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Waliokuwa wameweka walinyang'anywa. Nalisema hili ili mtu maskini asidhani namlaumu kwa kila njaa. Zipo njaa zinazoletwa na mwenye bunduki, zipo zinazoletwa na mbingu, na akiba ya nyumba moja haitoshi kuzizuia. Ila leo niambieni, ni jeshi gani lililopita kijijini kwenu mwaka huu? Nani aliyekunyang'anya lile gunia? Babu yako alilia kwa sababu alishikiwa bunduki. Wewe umelipeleka mwenyewe kwa mkokoteni.

Sasa mtasema: mhubiri, tukiweka linaliwa na dumuzi. Kweli, dumuzi ni adui. Mdudu huyu aliletwa kutoka Amerika, akaonekana kwanza upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akasambaa nchi nzima, na mahindi akiyaingia anayageuza unga kabla hujayapeleka mashineni. Lakini mifuko ya tabaka tatu ipo madukani: miwili ya nailoni ndani, mmoja wa nje wa kusukwa. Nafaka ikauke vizuri sana, isiwe na unyevu. Jaza, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake kwa kamba, na usifungue kila siku kuchungulia. Mdudu aliye ndani anakosa hewa, anakufa, bila sumu. Mfuko huo unatumika zaidi ya msimu mmoja ukitunzwa usitoboke. Ni ghali kuliko gunia la kawaida? Ndiyo. Linganisheni na gunia zima la mahindi lililogeuka vumbi. Serikali yenyewe ina maghala na vihenge pale Kizota, chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Taifa linaogopa njaa na linaweka. Wewe mwenye watoto watano unajiamini nini?

Ninyi wa mjini msicheke. Mshahara wenu nao ni mavuno, na msimu wake hauzidi siku tano. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, wengi wenu mnabeba nyumba mbili, moja Dodoma na nyingine Dar es Salaam. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa kuwa hamkuitenga kila mwezi, inawakuta kama ajali, na hapo ndipo mnapokimbilia mkopo. Tengeni kodi siku mshahara unapoingia, kabla ya nyama choma, kabla ya bando. Shilingi 500 kwa siku inaonekana si kitu, lakini kwa mwaka ni shilingi 182,500. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, mkaa wa kopo: anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi, na huo ni uonevu, naukubali. Dawa yake ni majirani watatu kununua gunia moja la mkaa au dumu moja la alizeti wakagawana. Mnaishi ukuta kwa ukuta, mnasikiana mkikohoa, mnashindwa kununua dumu pamoja?

Na mkopo! Hapa naomba mnivumilie, maana moyo wangu unawaka. Watu wenyewe wameupa jina: kausha damu. Ukikopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ukawa unalipa riba tu, baada ya miezi mitano umelipa 200,000 na bado unadaiwa 200,000. Nimewaona kina mama wakijifungia ndani siku ya marejesho, wakiwaziba watoto midomo wasisikike nje. Nimeona kitanda kikibebwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Ulizeni leseni. Someni mkataba. Kama hujui kusoma mwite mtoto akusomee, hakuna aibu. Na kabla ya kwenda huko, fikeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo haki yenu inawangoja mwunde vikundi.

Kikoba nakiunga mkono kwa mikono yote miwili. Mbinu ya kuweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe ilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wa nchi kame kama yetu, na leo iko chini ya kila mwembe. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Ila nina ugomvi na kalenda yenu. Mnavunja vikoba katikati ya Desemba, mnapokea kwa vigelegele, Krismasi inazila, na Januari inawakuta uchi. Kwa nini msigawane wiki ya kwanza ya Januari? Kwa nini hisa zisiwe kubwa mwezi wa saba na wa nane, mazao yanapouzwa, zikawa ndogo wakati wa palizi? Sanduku ni lenu, kanuni mliandika wenyewe. Badilisheni!

Nije nyumbani sasa, maana vita hii ya akiba inashindwa kitandani. Baba anauza gunia usiku, fedha inaishia kilabuni. Mama anafunga noti kwenye pindo la kitenge asimwonyeshe baba, kwa kuwa anajua zitakwenda wapi. Watoto wanaona yote. Hakuna akiba inayokaa katika nyumba ambayo kila mmoja anamficha mwenzake. Wewe baba, Mungu hakukufanya kichwa ili uwe mfuko uliotoboka. Mwonyeshe mkeo mapato. Nawe mama, baba akikuonyesha, usiyatangaze kisimani. Mtoto wa darasa la tano anajua kujumlisha. Mpeni daftari aandike yanayoingia na yanayotoka, mtashangaa jinsi mtu mzima anavyoona haya kununua upuuzi mbele ya karani wa miaka kumi na mmoja.

Na kwenu wahubiri wenzangu, mapadre, wachungaji na masheikh, nina neno gumu. Msimu wa mavuno tunaitisha sadaka, na watu wetu wanatoa kwa moyo. Tusimpokee mtu gunia la chakula cha wanawe. Mjane akija na debe la mwisho, tumbariki na tumrudishie. Harusi na jando vikipangwa, tuwe wa kwanza kukataa kadi ya mchango inayomwaibisha maskini. Tukinyamaza, magoti yao ya Januari yatatushitaki.

Basi Ijumaa hii baada ya sala, au Jumapili mkitoka ibadani, kaeni chini, baba, mama, watoto na bibi kama yupo. Andikeni sare, viatu, madaftari, kodi, mbegu, palizi. Hesabuni magunia ya kula. Kisha chagueni mawili yaliyokauka vizuri, myafunge tabaka tatu, mchukue kipande cha mkaa mwandike juu yake JANUARI kwa herufi kubwa. Mnunuzi akifika na fuso lake na bei yake, mtoleeni kiti, mpeni maji ya kunywa, muuzieni ya kuuza. Akiyaonyeshea kidole yale mawili, mama na baba mjibu kwa sauti moja kwamba hayo yana mwenyewe.